Nalia kwenye msala, je sina tawakkul?

Swali hili nimeletewa na dada mmoja wa Kisauni, nimelifupisha kidogo na ruhusa amenipa, manake wenye swali kama lake mwaka huu si yeye peke yake:

"Asalaam alaykum Maalim. Mume wangu alikuwa karani kwenye yadi moja ya makontena miaka tisa. Walipunguza watu naye akapitiwa, sasa miezi saba yuko nyumbani. Mimi nakaanga mahamri asubuhi na viazi karai jioni, hapo ndo twala sisi na watoto watatu. Kodi tuko nyuma miezi miwili na kuna mkopo wa simu kila siku wazidi kupanda. Nikimwambia baba watoto atoke atafute hata kibarua anijibu rizki iko kwa Mungu, wewe huna tawakkul, yaani simtegemei Mungu. Mavyaa naye asema hii si bure, kuna mtu katufanyia kitu, ataka twende kwa mganga. Usiku nikisimama kuswali nalia tu Maalim, hata maneno hayatoki. Na kuna wakati wazo lanijia, kama Mungu ni mwema na atuona, mbona yuko kimya? Halafu naogopa kwa nini nimewaza hivyo. Je imani yangu imeharibika?"

Waalaykumu salaam warahmatullah dadangu. Meseji yako niliisoma mara ya kwanza nikiwa kwenye feri Likoni, tumesongamana mpaka pumzi twapokezana, nikasema ntajibu nikivuka, nikavuka nikaisoma tena nikaona hapana, hii si ya kujibiwa barabarani, nikaiweka mpaka leo baada ya Alfajiri. Niwie radhi kwa kuchelewa.

Naanza na swali lako la mwisho manake naona ndilo linalokunyima usingizi kuliko hata kodi. La, haijaharibika. Na ntakwambia zaidi, mimi nikisoma meseji yako naona mwenye tawakkul humo nyumbani ni wewe unayelia, ila umefundishwa kwamba tawakkul ni kutulia tuli, roho baridi, uso unatabasamu, ukiulizwa vipi unasema alhamdulillahi na ndani hamna hata wimbi. Hio si tawakkul, hio ni tabia, kuna watu wameumbwa hivyo na kuna wengine hawakuumbwa hivyo, na Mitume wenyewe wengine walilia sana.

Chukua Nabii Yaaqub alayhi salaam. Alipoletewa kanzu ya Yusuf ina damu ya uwongo alisema subira njema, na neno hilo twalipenda, twalibandika hadi nyuma ya matatu. Lakini sura haikuishia hapo. Miaka ikapita, mtoto mwengine naye akazuiliwa Misri, na mzee yuleyule aliyesema subira njema akageukia pembeni akalia mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni. Nabii huyo! Na wanawe badala ya kumpoza wakamkaripia, wallahi wewe huachi kumtaja Yusuf mpaka uugue au ufe kabisa (unawajua watu wa aina hii, kila ukoo wako, na kwenye matanga ndo wa kwanza kusema usilie usilie ni kadari, mimi watu hawa Allah anisamehe siwawezi). Yeye akawajibu, maana yake, mimi dhiki yangu na huzuni yangu namshtakia Allah, na najua kutoka kwa Allah msiyoyajua nyinyi.

Namshtakia, ndo neno lenyewe. Hakusema sina dhiki, wala hakusema nshazoea, amekubali kwamba ana mzigo na mzigo ni mzito na amejua mahali pa kuutua. Sasa niambie wewe machozi yako yamwagikia wapi? Si kwenye msala? Saa tisa za usiku, watu wamelala, hakuna anayekuona, hupati laiki wala pole ya jirani. Mtu aliyekata tamaa na Mola wake haamki saa hio, angeamka kufanya nini? Yule aliyekata tamaa hulala, au husonya akageuka upande wa ukuta. Ukiwa maneno hayatoki basi yasitoke, kwani wadhani Allah angoja uyapange kwa Kiarabu fasaha ndo aelewe? Mtume wetu s.a.w. alipofiwa na mwanawe mdogo Ibrahim alitoka machozi mbele za watu, akasema jicho latoka machozi na moyo wahuzunika na hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Yote matatu ameyasema kwa pumzi moja, na hakuna lililofuta jengine.

Hilo la "mbona yuko kimya" nalo usiliogope kama umeona nyoka. Nabii Ibrahim mwenyewe alimwambia Mola wake nionyeshe vipi unahuisha wafu, akaulizwa kwani huamini? akasema naamini, lakini ili moyo wangu utulie. Haya yamo kwenye Baqara, na hakukemewa, aliambiwa achukue ndege wanne. Kwa hiyo kuna kuuliza kwa mtu anayetafuta mlango wa kutokea na kuna kuuliza kwa mtu anayetafuta kukaa. Wewe umeuliza kisha ukaogopa kumkosea, huko kuogopa kwako ndiko kunakoniambia wewe ni wa aina gani.

Lakini jibu la hio mbona, hapo dadangu ntakuwa mkweli. Mimi sijui kwa nini mumeo amefutwa kazi na jirani yake hakufutwa, na mtu yeyote atakayekuja kukwambia anajua Allah amekusudia nini hasa kwa yadi ile, awe na kilemba awe na suti, mpe chai aende zake. Tumezoea kuambiana kila jambo lina heri, na ni kweli, hadithi sahihi ipo kwamba jambo la muumini ni la ajabu, lote ni heri kwake, akipata raha hushukuru na akipata dhara husubiri. Lakini iangalie vizuri, haikusema utaijua hio heri ni ipi, wala haikusema itakuja kabla ya mwisho wa mwezi.

Kuna kisa ambacho sisi watu wa pwani tungepaswa kukielewa kuliko watu wa bara, kile cha chombo katika Suratul Kahf. Nabii Musa amesafiri na yule mja mwema, twamwita Khidhri, wakapanda chombo, na Khidhri akakitoboa! Musa akapiga kelele, umetoboa ili uwazamishe watu? Kisha mwisho akaelezwa, chombo kilikuwa cha maskini wanaofanya kazi baharini, na huko mbele kulikuwa na mfalme anateka kila chombo kizima kwa nguvu. Kikiwa na kasoro atakiacha. Kisa hiki kwenye mawaidha husimuliwa tumekaa upande wa Musa, sisi tunaelezwa siri, twasema subhanallah na twaondoka tumeridhika. Mimi miaka mingi nilikisoma hivyo hivyo, mpaka siku moja nikajiuliza, na wale maskini wenye chombo je?

Manake aliyeelezwa ni Musa. Qurani haisemi popote kwamba wao walielezwa. Wao wameamka wamekuta ubao umeng'olewa, chombo ndo duka lao ndo shamba lao, maji yaingia. Wangeweza kusema tumefanyiwa kitu, wangeweza kusema Mungu ametusahau. Na katika hadithi za Bukhari imekuja kwamba walipompita yule mfalme walikitengeneza chombo chao wakaendelea kunufaika nacho. Yaani rehema ilikuwa lile tundu lenyewe, kisha wakalishughulikia tundu kama tundu, kwa mbao na nyundo. Wema wa Mungu kwao haukuwa kuambiwa sababu, ulikuwa kwamba kuna anayekiona chombo cha mfalme kabla hakijatokea kwenye upeo wa macho yao. Mimi nimeshika hapo, na sikwambii kwamba baada ya hapo siumwi na moyo, naumwa, ila najua nilisimama upande gani wa kisa, mimi si Musa, mimi ni mwenye chombo.

Hata hivyo hapo pana mtego ambao watu wengi wa dini huuingia. Tukishasema ni kadari twanyamazia na dhulma. Kazi za makontena hapa Mombasa zimetetereka tangu treni ya mizigo ya SGR ilipoanza 2018, makontena yakawa yaenda moja kwa moja Nairobi, 2019 watu wakaandamana humu mitaani, na Septemba 2022 serikali ikatangaza shughuli za kutoa mizigo zirudi huku bandarini. Hayo ni maamuzi ya watu, watu wataulizwa juu yake. Allah anajua na ameruhusu yatokee, sawa, lakini kadari haikutungwa iwe kisingizio cha tajiri asilipe haki. Sasa sikiza, mumeo amekaa miaka tisa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 yasema mtu akipunguzwa kazi apewe ilani ya mwezi mmoja na alipwe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku kumi na tano kwa kila mwaka aliomaliza. Piga hesabu mwenyewe, tisa mara kumi na tano, siku mia na thelathini na tano, mbali na likizo alizokuwa hajachukua. Je alilipwa? Hukuandika. Kama hakulipwa basi kudai ni katika tawakkul vile vile, na asikae sana manake madai ya kazi yana ukomo wa miaka mitatu. Aende ofisi ya leba na barua yake, si lazima aanze na wakili.

Sasa huyo baba watoto.

Nataka niseme kwa upole manake simjui na wewe bado ni mkewe. Anaposema rizki iko kwa Mungu amesema kweli. Pengine ameisikia ile hadithi, lau mngemtegemea Allah ukweli wa kumtegemea angewaruzuku kama anavyomruzuku ndege, hutoka asubuhi tumbo tupu hurudi jioni limejaa. Ni hadithi nzuri sana na watu huila nusu. Ndege ametoka! Hawa kunguru wetu wa Mombasa, tunavyowachukia, wezi, wachafu, wapiga kelele, lakini hebu watazame alfajiri, hujamaliza kusikia adhana wao washafika Kongowea sokoni. Sijapata kuona kunguru amekaa kwenye mnazi angoja aletewe. Na bwana mmoja alimuuliza Mtume, nimfunge ngamia wangu nitegemee au nimwache nitegemee? Akamwambia mfunge, na utegemee.

Lakini, na hapa naomba unisikize vizuri kabla hujaenda kumsomea haya kama kesi, mimi sidhani mumeo tatizo lake ni uvivu. Mtu mvivu hakai karani miaka tisa. Nadhani ana aibu. Ameshika kalamu na karatasi za mizigo, madereva wanamwita bosi, leo aende getini kusimama na vibarua aonwe na walewale waliokuwa wakimwamkia? Neno tawakkul amelifanya shuka, amejifunika kichwa nalo. Nayajua haya manake shuka hilo nilijifunika mimi.

Mwaka 2020, Machi, misikiti na madrasa zilifungwa kwa korona. Mimi nilikuwa naishi Mji wa Kale na nakula kwa ada za wanafunzi, si mshahara wa serikali. Miezi ikaingia, nikawa nakaa chumbani na msahafu, nasoma juzuu kwa juzuu, na kila mtu akisema mashallah Maalim. Ukweli ni kwamba nusu ilikuwa ibada na nusu ilikuwa kujificha. Mke wangu ndo alikuwa auza, kaimati na sambusa, apitisha dirishani. Mimi nimefundisha watu habari za rizki miaka kumi na kitu, na usiku nilikuwa naamka nahesabu unga umebaki vibaba vingapi. Kisha Ramadhani, tarehe 6 Mei, Mji wa Kale ukafungwa, hakuna kuingia hakuna kutoka. Nikaona basi, hapa ndo mwisho. Kuna mzee mvuvi, jirani yetu, hajui kusoma, alikuwa akipita pale barazani akaniambia hivi, Maalim dua zako nzuri nazisikia mpaka kwangu, lakini mlango wako huufungui, hio rizki yako ipitie wapi?

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikaanza kusomesha watoto kwenye simu, Alif Be Te kwa sauti za kurekodi, mzazi mwenye shilingi hamsini alituma hamsini na asiyekuwa nacho hakutuma. Sikutajirika, na kuna siku tulifuturu kwa uji mtupu. Ila nilijifunza kitu kuhusu mimi mwenyewe ambacho sikukipenda, kwamba nilikuwa naogopa kujaribu nikakosa, manake nikijaribu nikakosa ntasema nini kuhusu Mungu? Bora nikae nisijaribu, nimtegemee, halafu isipokuja niseme ni kadari. Huko si kumtegemea. Ni kumkwepa. Na nashuku mumeo yuko hapo, kwa hiyo usimwambie huna tawakkul kama anavyokwambia wewe, mtazunguka hapo mpaka Idi. Mwambie tu, babake fulani mimi pia naogopa. Wanaume tukiambiwa hivyo husikia, tukiambiwa mvivu masikio huziba.

Babu yangu mzaa mama alikuwa baharia wa majahazi. Alikuwa akisema wakati mgumu kwao si dhoruba, ni tanga mbili, vile vipindi kati ya kaskazi na kusi, upepo haujui wataka nini, mara huku mara kule mara umekufa kabisa. Kaskazi lina mwelekeo, kusi kali lakini lina mwelekeo, tanga mbili huna la kushika. Hakuna nahodha aliyewahi kuuleta upepo kwa ujanja wake, wote wanajua upepo una Mwenyewe. Lakini nikamuuliza sasa mlikuwa mkifanya nini babu, mwakaa tu? Akacheka. Akasema huo ndo wakati wa kazi, chombo kimepandishwa pwani, watu watia kalafati kuziba mianya ya mbao, wapaka sifa ya mafuta ya samaki, washona matanga, mikono yanuka mafuta ya papa wiki nzima. Asiyefanya hivyo upepo ukija utamkuta na chombo kinavuja. Nyinyi nyumba yenu sasa hivi iko tanga mbili. Wewe na mahamri yako ushaanza kutia kalafati, tena peke yako, na hapo ndo nakuonea huruma.

Na kama wataka mwanamke wa kumtazama, mtazame Bi Hajar, mke wa Nabii Ibrahim. Ameachwa bondeni Makka, hakuna mti hakuna mtu, ana kichanga, mfuko wa tende na kiriba cha maji. Akamwuliza Nabii Ibrahim, Allah ndiye aliyekuamrisha haya? Akasema ndio. Akasema basi hatatupoteza. Nakwambia sentensi hio peke yake ni darasa la tawakkul la mwaka mzima. Lakini maji yalipokwisha na mtoto akaanza kugaagaa, hakukaa akasema si nilishasema hatatupoteza. Alikimbia! Safa mpaka Marwa, Marwa mpaka Safa, mara saba, jua kali, apanda kilimani kutazama kama kuna mtu. Kukimbia kwake hakukuvunja neno lake hata kidogo, mpaka leo kila anayehiji na kufanya umra hupita njia yake, mamilioni ya watu, matajiri kwa maskini, wafuata nyayo za mama aliyekuwa na wasiwasi juu ya mwanawe. Na Zamzam, ile chemchemi aliyoruzukiwa, haikutoka Safa wala haikutoka Marwa alikokimbia, ilitoka kule alikomwacha mtoto. Kwa hiyo kukimbia kwako usikuone ndiko kunakotoa maji, wala usiache kukimbia. Mimi sina namna nyingine ya kulieleza, waliolieleza vizuri zaidi watanisahihisha.

Haya, la mganga ntalipitia haraka. Husda ipo, Qurani imeitaja, na dawa yake imekuja humo humo, Falaqi na Nasi na Ayatul Kursi, na Baqara isomwe nyumbani, hailipishwi. Lakini kwenda kwa mtu atazame ramli akwambie ni jirani wa mlango wa bluu, hapo utatoa kuku, utatoa pesa za kodi, na utarudi umepata adui mpya ambaye huenda hajakufanyia lolote. Na dini imekataza vikali kumsadiki mwenye kudai ghaibu. Mavyaa wako usimjibu kwa ukali, mama mtu ana uchungu wa mwanawe na anatafuta wa kulaumiwa manake kumlaumu mtu ni rahisi kuliko kukaa bila kujua. Mwambie Mama, Maalim amesema tukusanyike Alhamisi tusome sisi wenyewe, na wewe ndo utuongoze dua. Mpe heshima hio, utaona habari ya mganga itapoa yenyewe.

Kuhusu pesa. Mkopo wa simu usichukue mwengine kulipia huu, wallahi hapo ndo watu huzama, na sikuhubirii riba sasa manake ushaingia na ulichotaka ni unga, tutubie na tutoke. Mwenye nyumba mwende nyinyi wawili mkamwone kabla hajawafuata, mwambieni mtalipa kidogo kidogo kila wiki kutoka kwa mahamri, na kama ni Muislamu kuna aya ya Baqara yasema mdaiwa akiwa katika dhiki basi apewe muda mpaka apate wasaa, aya hii wenye ploti hawaipendi lakini imo. Na zaka, hapa watu wengi huona haya bila sababu. Sura ya Tawba imetaja mafungu manane ya wanaopewa zaka na wenye madeni ni fungu lao kamili, si la kuombaomba, ni haki waliyowekewa na Mola. Ukifika msikitini kwenu muone imamu faragha.

Na hizo hela zako unazotumia kulisha nyumba, najua zakuuma, hata kama hukusema nimesoma kati ya maneno. Katika sheria ya dini matumizi ya nyumba ni juu ya mume, mali yako ni yako, hulazimiki. Kwa hiyo unachotoa si wajibu wako, ni hisani, na kuna hadithi ya Zaynab mke wa Abdullah bin Mas'ud, alikwenda kuuliza kama yafaa sadaka yake kumpa mumewe na mayatima alio nao nyumbani, akaambiwa ana ujira mara mbili, ujira wa ujamaa na ujira wa sadaka. Sikusomei hii ili mumeo aendelee kukaa. Nakusomea ujue kila sinia unaloinua limeandikwa mahali.

Mwisho dua, manake umesema maneno hayatoki. Mtume s.a.w. alikuwa akiomba sana hii, kwa Kiswahili ni hivi: Ewe Mola najikinga kwako na wasiwasi na huzuni, na kushindwa na uvivu, na ubakhili na uoga, na uzito wa deni na kuzidiwa nguvu na watu. Nataka uitazame ilivyopangwa. Wasiwasi na huzuni, hapo ni wewe na msala wako. Kushindwa na uvivu na uoga, hapo ni yeye na shuka lake. Uzito wa deni, ule wa simu. Kuzidiwa na watu, yadi na mwenye nyumba. Nyumba yenu nzima imeingia kwenye dua moja fupi, na Mtume ndiye aliyekuwa akiiomba kwa nafsi yake. Isomeni pamoja, wewe na yeye, baada ya Magharibi, sauti ndogo, watoto wakisikia si vibaya.

Na mwambie baba watoto Jumamosi baada ya Alasiri ntakuwa msikitini, pale unapopajua manake ndipo ulipopatia nambari yangu. Aje na barua ya kazi na payisilipu za mwisho kama hajazitupa, nina jamaa anayejua mambo ya leba atakuwepo. Asije kwa kuwa umemshtaki, mwambie mimi ndo nimemwita. Na akija na mahamri mawili matatu ya iliki sitamrudisha.